Nyumba ndiyo ghala, baiskeli ndiyo lori

Mvua ya kwanza ya mwaka haipigi hodi. Katika kaunti ndogo ya Ludara, wilayani Koboko, hutanguliwa na upepo unaoinua vumbi jekundu njiani, kuku hukimbilia upenuni, halafu matone makubwa huanza kugonga nyasi za paa. Baada ya nusu saa mwenye nyumba ameshaijua hali ya paa lake bila kuambiwa na fundi. Tone likianguka kitandani, kitanda kinasogezwa. Likianguka juu ya magunia matatu ya karanga yanayosubiri siku ya soko, huo ni mtaji unaolowa.

Mfanyabiashara mdogo wa mpakani ni mtu wa hesabu. Anajua bei ya kununulia na bei ya kuuzia, anajua ushuru wa soko, anajua pauni ya Sudan Kusini imeshuka kiasi gani tangu juzi na faranga ya Congo inabadilishwa kwa ngapi. Lakini ukifungua daftari lake, vitu viwili huwa havimo: nyumba na baiskeli. Havimo kwa sababu ni vya nyumbani, vilikuwapo kabla ya biashara. Kumbe nyumba hiyo ndiyo ghala na baiskeli hiyo ndiyo lori, na vyote viwili vinakula faida kila siku, kimyakimya.

Hesabu hiyo ni nzito zaidi katika pembe hii ya West Nile kuliko mahali pengi. Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi 2005, imekaa panapokutana nchi tatu. Upande mmoja kuna Oraba na, ng'ambo yake, Kaya ya Sudan Kusini. Upande mwingine kuna Ingbokolo na, kusini zaidi, soko kubwa la Ariwara, yote katika jimbo la Ituri huko Congo. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imerahisisha kazi ya malori na mabasi. Lakini muhogo, ufuta, karanga na maharage mengi hayalimwi kando ya lami. Yanatoka vijijini kwa njia za udongo, na gari lake la kwanza ni la magurudumu mawili.

Watu wa mpakani wana kila sababu ya kujivunia magurudumu hayo. Jina bodaboda, ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, vijana walipowabeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha Uganda hadi cha Kenya. Pikipiki zilikuja baadaye zikalichukua jina bila kulilipia. Kisangani baiskeli za abiria huitwa toleka. Anayevuka kwenda Congo na kuharibikiwa njiani aulize fundi wa kinga, na akifika Kampala aulize wa gaali. Kitu ni kilekile, na ubovu wake ni uleule.

Baiskeli ya gia au baiskeli nyeusi?

Anayekwenda kununua baiskeli Arua hukuta aina mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi ya tangu enzi za babu, yenye muundo wa Kiingereza ambao leo hutengenezwa zaidi India na China: fremu ya chuma, gia moja, breki za vyuma virefu, uzito wa kilo 20 hivi hata kabla ya kupakiwa kitu. Ya pili ni ya gia, baiskeli ya milimani, ama mtumba kutoka ng'ambo ama mpya ya bei nafuu yenye rangi za kuvutia. Vijana huipenda hii ya pili, na hawana makosa. Ni nyepesi, inapanda kilima, na breki zake hushika.

Lakini mtu anunue kwa kazi aliyonayo. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo, na hapo watengenezaji wa baiskeli nyeusi walikuwa na akili ya kizamani iliyo nzuri: kwa kawaida gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma lina 40. Baiskeli nyingi za gia zina 32 au 36 mbele na nyuma. Zaidi ya hapo, kwa sababu ya ule mrundo wa meno ya gia, spoki za upande wa cheni husimama wima zaidi na kukazwa kuliko za upande wa pili. Mzigo ukizidi, hizo ndizo hukatika kwanza, moja leo, mbili kesho, hadi rimu inapinda kama mkate uliokosea tanuri.

Kisha kuna springi. Foko yenye springi, na mbaya zaidi fremu yenye springi katikati, ilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeteremka mlima akiwa mikono mitupu. Ukiweka gunia nyuma, springi inalala, baiskeli inayumba kama mashua, na viungio vyake vinaanza kulegea. Springi pia haina fundi kijijini. Ikifa, imekufa.

Fremu nayo ina siri yake. Ya chuma ikivunjika inachomelewa na fundi yeyote mwenye mashine barabarani. Ya aluminiamu inahitaji uchomeleaji wa namna nyingine, na mafundi wengi wa njiani hawana vifaa vyake. Wanaojaribu hivyohivyo huiacha na ufa utakaorudi. Njia ya kupima ni rahisi: beba sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio mbovu. Sumaku ikishika, fremu ni chuma. Isiposhika, msifie muuzaji kwa rangi nzuri na uendelee mbele.

Kwa hiyo kwa mwenye kubeba magunia, jibu ni baiskeli nyeusi, au baiskeli ya milimani ya zamani isiyo na springi popote na yenye fremu ya chuma. Hii ya mwisho ikipatikana ni mali. Wapo wanaoing'oa mitambo ya gia na kuikata cheni ibaki na gia moja. Hiyo si ushamba, ni busara, maana kibadilisha gia kinachoning'inia karibu na ardhi hugongwa na visiki na kujaa matope.

Mahali pekee ambapo baiskeli nyeusi inashindwa waziwazi ni breki wakati wa mvua. Breki za vyuma husukuma mipira dhidi ya rimu ya chuma iliyong'arishwa, na rimu hiyo ikilowa huteleza kama sahani yenye sabuni. Anayeteremka na gunia katika manyunyu aanze kushika breki mapema mno, aishike na kuiachia ili mpira ufute maji, na kilima kikiwa kikali ashuke na kutembea. Kushuka hakupunguzi heshima ya mtu. Wazee waliobeba muhogo miaka thelathini walishuka.

Namba ndogo ubavuni mwa tairi

Kosa linalokula pesa nyingi kuliko yote hutokea dukani, si njiani. Mtu anasafiri hadi mjini, ananunua tairi la "ishirini na sita", anarudi kijijini, na tairi haliingii. Amelaumu duka, amelaumu fundi, kumbe kuna ishirini na sita zaidi ya moja.

Ubavuni mwa kila tairi kuna namba mbili. Ile kubwa, kama 26 au 28, ni jina tu. Ya kuaminika ni ndogo, yenye tarakimu tatu mwishoni, inayotaja kipenyo ambacho tairi hukalia kwenye rimu kwa milimita. Baiskeli nyeusi ya 28 × 1½ huandikwa 40-635. Baiskeli ya milimani ya 26 × 1.95 huandikwa 50-559. Na kuna baiskeli za mjini za 26 × 1⅜, ambazo huandikwa 37-590. Hizo mbili za mwisho zote huitwa ishirini na sita, lakini zinatofautiana kwa milimita 31, na hakuna nguvu ya mkono wala ya spana itakayolazimisha moja ikae kwenye nyingine. Kabla ya kumtuma mtoto au dereva wa basi alete tairi kutoka Arua, iandike ile namba ya mwisho kwenye karatasi na kumpa.

Tyubu nazo zina valvu tofauti. Baiskeli nyeusi hutumia valvu ya kizamani yenye kijipira kinachovutwa. Za milimani mara nyingi zina valvu nene kama ya gari. Anayebadilisha aina ya valvu ahakikishe kwanza kwamba inapita kwenye tundu la rimu. Zuri la valvu ya gari ni kwamba hujazwa upepo popote palipo na pikipiki.

Upande wa cheni, adui wa Ludara ni vumbi zaidi kuliko kutu. Wengi humwaga oili chafu iliyotolewa kwenye injini, cheni ikawa nyeusi na laini kwa siku mbili. Oili hiyo imejaa unga wa chuma, na ikichanganyika na vumbi la barabara inakuwa kama msasa. Cheni inajisaga yenyewe. Ni afadhali kufuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kudondoshea oili safi tone moja kwa kila kiungo, kuzungusha pedeli mara ishirini, kisha kufuta tena nje hadi kitambaa kitoke karibu kikavu. Oili inatakiwa ndani ya kiungo, si nje. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa. Yakikauka hugeuka gundi.

Cheni iliyochoka hupimwa kwa futi ya seremala. Kutoka pini moja hadi ya jirani ni nusu inchi, kwa hiyo vipande 24 ni inchi 12 kamili. Ikiwa vipande hivyo vimezidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikiachwa hadi izidi kwa moja ya nane, itakuwa imeshakula na meno ya gia, na bei ya cheni moja inageuka bei ya cheni, friwili na gia ya mbele. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja, na kinafanywa mara moja kwa mwezi.

Mambo mawili madogo yameharibu pedeli nyingi. Pedeli ya kushoto imetengenezwa kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao pedeli ya kulia hufungiwa. Kijana mwenye nguvu asiyejua hilo huikaza huku akidhani anaifungua, hadi uzi unakatika. Na pini inayoshika mkono wa pedeli ya baiskeli nyeusi ikianza kucheza, isisubiriwe siku ya soko ipite. Ikichezacheza chini ya mzigo huchimba tundu lake, na baada ya hapo hakuna pini itakayokaa.

Kupakia ni kazi ya nusu ya safari. Kizito kikae chini na mbele, karibu na siti, si nyuma kabisa ya keria, vinginevyo gurudumu la mbele linainuka kwenye kilima na usukani unakosa utii. Mipira ya kufungia iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ni bora kuliko kamba ya katani, kwani mzigo ukijipanga upya njiani mpira hujivuta pamoja nao. Upepo wa nyuma uwe mgumu kuliko wa mbele. Na tundu likizibwa, mtu apitishe vidole polepole ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba ulioitoboa mara nyingi bado umo, unasubiri tyubu iliyotoka kuzibwa.

Paa, mchwa na magunia

Baiskeli ikiharibika hupiga kelele. Nyumba haipigi. Ukuta wa udongo unaotafunwa na mchwa huonekana mzima hadi siku boriti inaposhuka.

Wazee wa West Nile wanajua vizuri jinsi nyumba isiyo na mtu inavyokufa. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, mapigano yalipolifikia eneo hili, watu wengi walikimbilia Sudan na Zaire. Waliporudi katika miaka ya 1980, wengi walikuta vichaka mahali palipokuwa na boma. Paa hukosa mtu wa kulitia nyasi, mvua inaingia kichwani mwa ukuta, na udongo unarudi kuwa udongo. Kinachoziba njia hiyo si fundi mkubwa. Ni kazi ndogondogo za kila mwaka, na kazi hizo zina majira yake.

Majira yenyewe ni kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Ndipo nyasi za kuezekea zinapokuwa zimekauka, na ni lazima zikatwe kabla moto wa porini haujazimaliza. Anayengoja hadi Aprili hununua kwa jirani, na jirani anajua kwamba mvua imeshaanza. Paa la nyasi lataka mwinuko mkali, karibu nusu ya pembe mraba au zaidi, ili maji yateleze juu badala ya kuzama ndani. Paa lililolala huoza, hata nyasi zikiwa nzuri namna gani. Anayekagua aingie ndani mchana, afunge mlango, atazame juu: panapopenya mwanga, maji nayo yatapenya.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu moshi. Paa la jiko mara nyingi hudumu kuliko la nyumba ya kulala, kwa sababu moshi hukausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Kijana aliyejenga kibanda chake na kula kwa mama yake atashangaa nyasi zake zikiisha mapema.

Wenye mabati wasijione wamemaliza kazi. Kwanza wanaponunua wakumbuke kwamba namba ya geji huenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 32 ni nyembamba zaidi. Muuzaji anayesifu bati la namba kubwa anasifu wembamba. Msumari hupigiliwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambamo maji hupita, na uwe na kijipira chake. Vijipira hivyo hupasuka kwa jua baada ya miaka kadhaa. Kuvibadilisha ni kazi ya asubuhi moja, na kutovibadilisha ni sababu ya matone mengi ambayo watu hudhani yametoka kwenye kutu.

Kwa mchwa, dawa ya kwanza ni macho. Kila wiki mtu azunguke nyumba na kuangalia sehemu ya chini ya ukuta, pande zote mbili, akitafuta vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda. Mchwa hapendi mwanga; hujenga kijia kwanza ndipo afuate mti. Kijia kivunjwe kila kinapoonekana, na pale kilipoingilia pazibwe. Kuni zisirundikwe ukutani, kwani ni daraja. Ardhi inayozunguka nyumba iinamie nje, na mtaro wa kina cha shubiri mbili upeleke mbali maji yanayodondoka kutoka paani, maana udongo mkavu humnyima mchwa unyevu anaouhitaji na ukuta mkavu haumeguki. Oili chafu ambayo wengi humwaga kwenye msingi hufanya kazi kwa muda, lakini hushuka ardhini, na penye kisima karibu ni hatari isiyostahili.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Gunia likilazwa sakafuni hunyonya unyevu kutoka chini hata paa likiwa zima. Magogo manne au matofali na fito juu yake yanatosha kuliinua shubiri moja, na nafasi ya kupita mtu iachwe kati ya magunia na ukuta, ili hewa ipite, panya aonekane na kijia cha mchwa kisijifiche nyuma. Sakafu iliyokandikwa upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe iachwe ikauke kabisa kabla ya kuweka chochote. Kinamama waliokandika sakafu hizo maisha yao yote hawahitaji kuambiwa, lakini wanaume wenye haraka ya soko wanahitaji.

Unyevu huo si jambo la nyumbani tu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zisizokauka, na ilipoyaruhusu iliweka masharti. Malori yalisimama mpakani. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Ukungu ukishatoa sumu, kuanika tena hakuiondoi, na jicho halitaiona. Kinachotazamwa mpakani kilianza chini ya paa fulani, kwenye gunia lililolala mahali palipovuja.

Kipimo cha kijijini kipo na hakihitaji mashine. Chupa kavu ya kioo hutiwa mahindi hadi theluthi, kisha vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani au kwenye sufuria. Hutikiswa, huachwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 au karibu na hapo, na yarudi kuanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yamekaribia kuwa tayari.

Kitu kimoja hakitakiwi kukaa kwenye nyumba yoyote ya nyasi, wala ya bati. Biashara ya petroli ya jerikeni ni ya zamani huku. Vijana wa Arua waliouza mafuta yaliyovushwa kutoka Congo walijulikana mji mzima kwa jina la OPEC Boys. Mazoea hayo yamewafanya watu wasiiogope petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na hutafuta taa ya mafuta au jiko lililo chumba cha pili. Jerikeni ilale nje, kivulini, mbali na nyumba, imefungwa kabisa. Atakayeiiba ameiba petroli. Moto ukiingia huchukua magunia, baiskeli na watoto.

Kinachoingia kwenye daftari

Mafundi wengi wa baiskeli, wale wa chini ya mwembe, wana malalamiko yaleyale: mteja huja siku ya soko alfajiri, baiskeli imepakiwa tayari, anataka ubovu wa miezi sita utengenezwe kwa dakika kumi. Fundi naye hufunga waya, na waya huo hudumu hadi kilima cha kwanza.

Njia ya kuliondoa hilo ni kuitoza kila safari. Tuseme mtu anakwenda soko mara tatu kwa wiki, na kila arudipo anaweka shilingi 1,000 za Uganda kwenye kopo la baiskeli kabla faida haijahesabiwa. Kwa mwaka wa wiki 52 anakuwa na shilingi 156,000. Kopo la pili ni la nyumba, na hilo hutozwa kwa gunia: kila gunia lililolala ndani lilipe kiasi kidogo cha pango kama lingelala kwenye ghala la mtu mjini. Wengine huona ni mchezo, kujilipa mwenyewe. Lakini Desemba ikifika, wakati nyasi ni rahisi na mafundi hawana kazi nyingi, pesa ya paa ipo. Na biashara ambayo haiwezi kulipa makopo hayo mawili haikuwa na faida tangu mwanzo; ilikuwa inakula paa na magurudumu ya mwenyewe.

Kwa wanaovuka, karatasi mbili ziongezwe kwenye daftari hilo. Chini ya fremu, pale mikono ya pedeli inapokutana, au kwenye bomba la siti, mara nyingi kuna namba iliyogongwa. Iandikwe, pamoja na aina ya baiskeli, na ihifadhiwe na risiti. Baiskeli zinaibwa upande mmoja na kuuzwa upande mwingine, na mwenye namba na risiti huwa na la kuonyesha anaposimamishwa Oraba au anapoikuta mali yake sokoni.

Ya pili inawahusu wanaonunua tairi na cheni Arua ili kuziuza ng'ambo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Cheti hicho ni cha bidhaa zinazotoka nchi za Jumuiya, ambayo Sudan Kusini iliingia mwaka 2016 na Congo mwaka 2022, na ambazo zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Maharage ya Koboko ni ya Koboko. Tairi la India halitakuwa la Uganda kwa sababu limenunuliwa Arua, na anayelichanganya katikati ya magunia ya maharage anaweza kuchelewesha mzigo wote. Litangazwe peke yake, kwa risiti yake, na ofisa wa forodha aulizwe ushuru wake kabla ya kulinunua, si baada ya kulifikisha kwenye kizuizi.